Bwawa lipo, mitambo iongezwe: maji yatatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, mzaliwa wa Musoma. Darasani tumefundishwa kwamba njia nafuu kuliko zote ya kuongeza umeme wa maji ni kupanua jengo la mitambo kwenye bwawa ambalo tayari lipo, kwa kuwa ukuta umeshajengwa na ardhi imeshazamishwa. Lakini babu yangu, ambaye alikuwa mvuvi, husema kwamba Waganda walipoongeza mitambo pale Jinja, mto Nile unapotoka ziwani, ziwa letu la Victoria lilikimbia hadi mitumbwi ikabaki kwenye tope mwaka 2006. Nani yuko sahihi? Na upanuzi wa namna hiyo hupangwaje hasa, mbona huchukua miaka mingi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwalimu wako yuko sahihi kuhusu ukuta, na babu yako yuko sahihi kwa karibu nusu kuhusu ziwa. Nitaanza na babu, kwa sababu yaliyotokea Jinja yanaeleza upangaji wa upanuzi vizuri kuliko mchoro wowote ninaoweza kukuchorea, kisha nitarudi kwenye jengo lenyewe.

Uwezo wa mtambo wa umeme wa maji hutokana na vitu viwili, yaani kimo ambacho maji huanguka na wingi wa maji yanayopita kwa sekunde. Pale Jinja kimo ni kidogo, takribani mita 20. Ukichukua mtambo wa megawati 40 wenye ufanisi wa asilimia 90 na ukazidisha na kugawa kama mlivyofundishwa, utaona kwamba unahitaji karibu mita za ujazo 226 kila sekunde. Ili namba hiyo isibaki hewani, fikiria chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 4, kikijaa maji hadi darini na kumiminwa chote katika sekunde moja, kisha kingine katika sekunde inayofuata, mchana na usiku. Mtambo mmoja tu hunywa kiasi hicho, na upanuzi wa Jinja ulileta mitambo mitano.

Kituo cha kwanza, ambacho wakati huo kiliitwa Owen Falls na leo kinaitwa Nalubaale, kilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Kilipangwa kuwa na mitambo kumi ya megawati 15, iliyofungwa kwa awamu hadi 1968, na katika miaka ya 1990 kila mtambo ulikarabatiwa ukafikishwa megawati 18, hivyo kituo kikawa na megawati 180. Mitambo yote kumi ikizunguka kwa nguvu zake zote, hupitisha takribani mita za ujazo 1,020 kwa sekunde. Upanuzi, unaoitwa Kiira, ulichimbiwa mfereji wake wa takribani kilomita moja kutoka ziwani hadi kwenye jengo jipya, na mitambo yake ya kwanza iliwashwa mwaka 2000. Kiira ikikamilika ni megawati 200, na hupitisha mita za ujazo 1,130 nyingine. Jumla ya vituo viwili, basi, ni megawati 380 zinazotaka zaidi ya mita za ujazo 2,100 kwa sekunde.

Sasa uliza kile ambacho mpangaji yeyote anapaswa kukiuliza kabla hajashika kalamu ya kuchora: mto una maji kiasi gani? Tangu mwanzo wa karne ya ishirini hadi 1960, Nile ilitoka ziwani kwa wastani wa takribani mita za ujazo 660 kwa sekunde. Kisha ikaja mvua kubwa ya mwishoni mwa 1961, na katika miaka michache ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 40, wastani wa maji yanayotoka ulikuwa kati ya mita za ujazo 1,100 na 1,200. Mto mmoja ukawa na historia mbili. Mpangaji aliyetazama miaka ya baada ya 1961 aliona maji mengi yakimwagwa bure kupitia milango ya bwawa la zamani, akasema kwa haki kabisa kwamba yanafaa kuzungusha mitambo. Aliyetazama karne nzima aliona hatari.

Weka namba hizo mbili kwenye hesabu yako. Kwa mita za ujazo 1,150, mto huo unaweza kutoa wastani wa megawati 200 hivi, mwaka mzima. Kwa mita za ujazo 660, unatoa megawati 117 tu, ambazo jengo la zamani peke yake linaweza kuzizalisha na bado likabaki na mitambo isiyo na kazi. Maana yake ni kwamba, mto ukirudi kwenye tabia yake ya kabla ya 1961, megawati 200 za Kiira, ambazo ni uwezo tu, haziongezi hata uniti moja ya umeme unaozalishwa kwa mwaka. Zinachoongeza ni uwezo wa kuchagua saa ya kuzalisha, na nitalifikia jambo hilo baadaye.

Kuna sababu ya kimaumbile inayofanya Ziwa Victoria liwe gumu kutabiri. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na karibu kiasi hicho hicho hupotea kwa jua na upepo kama mvuke. Kinachotoka kupitia Nile ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Mvua ikipungua kidogo tu kwa miaka michache, tofauti hiyo hupungua sana. Anayetumia wastani wa miaka 30 mizuri kupangia mitambo ya miaka 50 anafanana na mkulima anayekopa benki kwa kuangalia mavuno ya msimu mmoja.

Kabla ya bwawa, kulikuwa na kizingiti cha asili, maporomoko ya Ripon, ambayo mgeni Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyaona mwaka 1862. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi yaliruka kizingiti. Likishuka, yalipungua, bila mtu kuamua. Bwawa lilipojengwa, maporomoko hayo yalizamishwa, na mkono wa binadamu ukachukua nafasi ya mwamba. Kwa hiyo Uingereza na Misri zilikubaliana juu ya jedwali linalosema kwamba, ziwa likiwa katika usawa huu, maji yatakayoachiwa ni kiasi hiki, ili mto uendelee kutiririka kana kwamba kizingiti bado kipo. Ninyi wahandisi wa umeme hupenda kulipita haraka jambo hili kwa kudhani ni la wanasheria. Msilipite. Jedwali hilo ndilo lililokuwa mpaka halisi wa Kiira, kuliko zege na chuma chake.

Kati ya 2003 na 2006 mvua ilipungua, mahitaji ya umeme ya Uganda yalikuwa yanapanda, na nchi haikuwa na kituo kingine kikubwa cha kuegemea. Mitambo mipya ilikuwepo, ina kiu, na jedwali likapitwa: maji yaliachiwa kwa wingi kuliko ambavyo usawa wa ziwa uliruhusu. Ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja katika kipindi hicho, na mwaka 2006 likafika chini kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Wachambuzi waliolichunguza suala hilo waliigawa lawama karibu nusu kwa nusu kati ya ukame na maji yaliyoachiwa kupita kiasi. Ndiyo maana nimesema babu yako yuko sahihi kwa karibu nusu, na nusu hiyo si ndogo kwa mtu ambaye mtumbwi wake umekaa kwenye tope.

Utashangaa jinsi mitambo michache inavyoweza kulishusha ziwa kubwa namna ile, kwa hiyo tufanye hesabu. Eneo la ziwa ni takribani kilomita za mraba 68,800, hivyo sentimita moja ya maji juu ya ziwa lote ni mita za ujazo milioni 688. Ukiachia mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, unaimaliza sentimita hiyo katika siku nane. Ukizidisha mita za ujazo 300 tu juu ya kiasi kinachoruhusiwa, unaiba sentimita moja kila siku 26 au 27, na kwa mwaka unakaribia sentimita 14. Hakuna anayeiona siku ile. Huonekana baada ya miaka minne, wakati mabomba ya kuvuta maji ya mjini yanapoanza kuvuta hewa na wavuvi wanapolazimika kuongeza mbao kwenye gati. Na Uganda yenyewe haikupona: ziwa liliposhuka, maji ya kuachia yalilazimika kupunguzwa, uzalishaji wa vituo viwili ukaanguka chini ya nusu ya uwezo uliosimikwa, na jenereta za dizeli za kukodi zikaletwa Kampala kwa gharama kubwa.

Kisha ziwa likageuka tena. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa sentimita moja rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Safari hiyo mitambo yote ingeweza kuzunguka, na bado ilibidi milango ifunguliwe maji yamwagwe. Kwa hiyo usije ukahitimisha kwamba Kiira ilikuwa kosa. Jengo moja, katika miaka 14, lilikuwa kubwa mno kisha likawa dogo mno, na mpangaji anatakiwa aweze kuishi na hali zote mbili kwenye karatasi kabla hazijaja mtoni.

Chombo cha kufanyia hivyo ni rahisi, nawe unaweza kukitengeneza kwenye kompyuta yako. Unachukua vipimo vya mto vya kila siku kwa miaka mingi uwezavyo, unavipanga kwenye mchoro kuanzia kikubwa hadi kidogo, kisha unasoma ni asilimia ngapi ya siku mto ulifika au kuvuka kiasi fulani. Mtambo wa kwanza kwenye bwawa lolote hupata maji karibu kila siku. Wa pili hupata siku nyingi. Mtambo wa kumi na tano unaweza kupata maji siku 40 kwa mwaka, nao uligharimu sawa na wenzake. Mwekezaji anayekuonyesha bei ya kila megawati bila kukuonyesha mchoro huo anakuuzia gari bila kukwambia kwamba mafuta yake hupatikana mwezi mmoja kwa mwaka.

Hata hivyo, kuna wakati ambapo mtambo usio na maji ya kutosha mwaka mzima bado una thamani. Nchi zetu hutumia umeme mwingi kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, watu wanaporudi nyumbani. Bwawa lenye mitambo mingi linaweza kulala mchana, likakusanya maji, kisha likayatumia yote kwa saa hizo tatu. Umeme wa mwaka ni ule ule, lakini umekuja saa inayotakiwa, na sasa ambapo mashamba ya umeme wa jua yanaongezeka, uwezo wa kuzima mchana na kuwaka jioni unazidi kuwa na maana. Upanuzi wa namna hii ni halali kabisa, mradi usemwe kwa jina lake. Taabu huanza pale serikali inapotangaziwa megawati, wananchi wakasikia uniti.

Njia ya pili ya kuhalalisha mitambo mipya ni kuitafutia hifadhi ya maji juu ya mto, na hapa nyumbani tuna mfano mzuri kuliko wa Jinja. Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, ilianza mwaka 1975 ikiwa na mitambo miwili ya megawati 51. Bwawa lake ni dogo, mita za ujazo milioni 125 hivi. Kwa kimo cha mita 175, kila mtambo hunywa mita za ujazo 33 kwa sekunde, kwa hiyo ukiweka mitambo minne na mto ukakauka kabisa, bwawa lote litaisha katika siku kumi na moja. Waliopanga awamu ya pili walilijua hilo. Mitambo miwili iliyofuata, mwaka 1980, ilikuja pamoja na bwawa la Mtera, mbali juu ya mto huo huo, lenye hifadhi ya mita za ujazo bilioni 3.2. Hifadhi hiyo inaweza kuilisha mitambo minne ya Kidatu kwa siku 280 hivi, ukiacha yale yanayopotea kwa jua, na pale Mtera jua halina huruma. Upanuzi halisi wa Kidatu ulifanyika Mtera, ambako mwanzoni hapakuwa na mtambo hata mmoja. Kituo cha Mtera cha megawati 80 kilikuja baadaye, mwaka 1988.

Wamarekani walifanya jambo lile lile kwa ukubwa wao. Pale Grand Coulee, kwenye mto Columbia, walibomoa kipande cha mwisho cha ukuta wa zamani ili kupata njia ya maji ya jengo la tatu la mitambo, ujenzi ulioanza mwaka 1967. Lakini kilichofanya jengo hilo liwe na akili ni mkataba wao na Kanada uliotiwa saini mwaka 1961 na kuanza kazi mwaka 1964, ambao chini yake Kanada ilijenga mabwawa ya kuhifadhi maji upande wake wa mpaka. Mafuriko ya kiangazi, ambayo zamani yalipita yote kwa pamoja, sasa yanagawanywa yafike kwa mwaka mzima.

Kinyume chake, tazama Kariba. Zambia iliongeza megawati 360 upande wa kaskazini mwanzoni mwa muongo uliopita, na Zimbabwe ikaongeza megawati 300 upande wa kusini mwaka 2018, na bwawa likawa na zaidi ya megawati 2,100. Maji hugawiwa nusu kwa nusu na mamlaka ya pamoja ya mto Zambezi, na mgawo huo haukukua hata kwa lita moja kwa sababu ya mitambo mipya. Mwishoni mwa Novemba 2022, mamlaka hiyo iliiagiza Zimbabwe isimamishe uzalishaji, kwa kuwa ilikuwa imeshamaliza maji ya mwaka na ziwa lilikuwa na chini ya asilimia tano ya maji yanayoweza kutumika. Mitambo ya 2018 ilikuwa mipya, inang'aa, imezimwa.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, kisha niingie ndani ya jengo. Nalubaale na Kiira zimekaa ubavu kwa ubavu, yaani tone linalopita Kiira halipiti Nalubaale. Bujagali, yenye megawati 250 na iliyoanza kazi kamili mwaka 2012, imekaa chini yao kilomita chache, na inatumia tone lile lile kwa mara ya pili. Isimba, ya megawati 183, inalitumia kwa mara ya tatu. Ukiwa na kiasi kile kile cha maji, jengo la chini ya mto huongeza umeme kila siku, wakati jengo la pembeni huongeza umeme siku za maji mengi tu. Hapa ndipo mwalimu wako angepaswa kuongeza sentensi moja: upanuzi ni nafuu kwa megawati, lakini kituo kipya chini ya mto huweza kuwa nafuu kwa uniti.

Sasa jengo. Bahati kubwa ni pale ambapo waliotutangulia waliacha nafasi. Kindaruma, kwenye mto Tana nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1968 ikiwa na mitambo miwili, na shimo la mtambo wa tatu likabaki tupu kwa zaidi ya miaka 40. Mtambo huo ulipofungwa na ile miwili ya zamani kukarabatiwa, kituo kilipanda kutoka megawati 40 hadi 72. Gitaru, juu yake kidogo, ilipata mtambo wake wa tatu mwaka 1999. Nafasi kama hiyo inaokoa kuta, mlango wa maji, winchi na barabara. Ukipewa kituo chochote ukichunguze, anza kwa kuomba michoro ya awali, utafute shimo lililofunikwa kwa zege jepesi. Wazee wale walikuwa na tabia ya kuweka akiba.

Pasipo shimo, inabidi kuurefusha ukuta wa jengo la zamani au kutafuta njia mpya ya maji pembeni, kama walivyofanya Jinja kwa mfereji. Kurefusha huonekana kwa wahasibu kuwa rahisi zaidi, lakini lazima kwanza ulijue vizuri zege unaloegemea. Zege la Nalubaale lina ugonjwa unaojulikana duniani kote, ambapo alikali za saruji hukutana na madini ya silika yaliyo kwenye kokoto, zikafanya utando unaofyonza maji na kuvimba polepole kwa miongo kadhaa. Ukuta haudondoki. Unavimba milimita kwa milimita, na mitambo haivumilii milimita.

Niliwahi kushuka kwenye kituo kimoja cha zamani chenye ugonjwa huo, sitakitaja. Fundi mkuu alilala kifudifudi ndani ya pete ya mtambo, taa mdomoni, akipitisha vibamba vyembamba vya chuma kati ya ncha ya bapa na ukuta, na kila mara akitaja namba, kijana mmoja aliiandika kwa chaki kwenye chuma. Upande wa mtoni kibamba kilipita kwa ulaini. Upande wa pili kiligoma. Pete iliyotengenezwa ya mviringo ilikuwa imekuwa kama yai. Yule fundi aliniambia kwamba walishaisugua mara mbili katika utumishi wake, na kwamba wa baada yake ataisugua tena. Jengo kama hilo huligongomei jingine ubavuni bila kuacha nafasi ya kuvimba kati yao.

Ujenzi wenyewe hufanyika mbele ya bwawa lililojaa, na hii ndiyo sehemu inayokula miaka. Mwamba hupasuliwa kwa baruti ndogo ndogo, na vipimo vya mtikisiko hufungwa kwenye ukuta na kwenye beringi za mitambo inayoendelea kuzunguka, kwa sababu kishindo ambacho ukuta hauhisi kinaweza kuzima jenereta. Kipande cha mwamba upande wa ziwa huachwa kikiwa kizima kama kizibo hadi siku ya mwisho. Siku za kuzima mitambo ya zamani ili kuunganisha nyaya na milango hupangwa mwaka mmoja kabla, zikilengwa msimu wa maji machache, na kila siku ya kuzima iandikwe kama gharama ya mradi, jambo ambalo mara nyingi husahaulika.

Na vipo vitu vidogo vinavyoua ratiba. Kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi, transfoma ilikaa miezi minne ng'ambo ya daraja, kwa kuwa mshauri alikuwa amepima barabara yote na kuiona nzuri, akasahau kwamba daraja lile lilijengwa kwa malori ya pamba. Kingine ni winchi ya zamani: inaweza kubeba rota, yaani sehemu inayozunguka, ya zamani, lakini reli zake haziwezi kubeba ile mpya.

Kuna hasara nyingine ambayo wanafunzi wengi huikosa kwenye mtihani. Ukiongeza maji yanayotoka, unapandisha usawa wa mto chini ya jengo, upande ambako maji hutokea, na kimo chako kinapungua kwa mitambo yote, ya zamani pamoja na mipya. Kidatu, yenye mita 175, haitahisi nusu mita. Kwenye kimo cha mita 20, mto ukipanda mita moja umepoteza asilimia tano ya uwezo wa kila mtambo, na asilimia hiyo haimo kwenye brosha ya mtengenezaji. Upande wa gridi, angalia ukubwa wa mtambo mmoja dhidi ya mahitaji ya nchi nzima usiku wa manane. Mtambo mkubwa ukidondoka ghafla kwenye gridi ndogo, huondoka na wenzake wote. Na usisahau magugu. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa cha matete kinachoelea kilimeguka ziwani, kikasukumwa na upepo hadi kwenye midomo ya maji pale Jinja, mitambo ikaziba, na Uganda nzima ikakosa umeme. Mfereji mpya wenye mkondo wenye nguvu huvuta vitu kama hivyo kwa juhudi, kwa hiyo nyavu za chuma na boti za kusafishia ziwe kwenye bajeti ya siku ya kwanza.

Babu yako na majirani zake wanaweza kujilinda bila kupinga mitambo. Usawa wa ziwa hupimwa Jinja kila siku, na maji yanayoachiwa pia hupimwa. Wanapaswa kudai namba hizo mbili zitolewe hadharani, ya usawa na ya maji yaliyotoka, kisha wazilinganishe na jedwali. Zikitofautiana kwa wiki moja, hiyo ni hali ya hewa au matengenezo. Zikitofautiana kwa miezi sita, sentimita zinaondoka.

Nawe, kama unataka mazoezi ya mradi wako wa mwisho, chukua Kidatu. Tafuta vipimo vya mtiririko vya kila siku vya Ruaha Mkuu, jifanye unataka kuongeza mtambo wa tano, kisha uendeshe Mtera na Kidatu kwa pamoja kwenye kompyuta kuanzia mwaka wa kwanza ulio nao. Usianze na wastani. Anza na miaka ya mwanzo ya 1990, ile ya mgao wa umeme, maana hiyo ndiyo itakayokukatalia megawati ulizozitamani, au ikuambie ni saa ngapi za jioni unaweza kuzipata.